Sumu Isiyoonjeka

Shanga za jiko zilipomwagika kwenye ungo, Kalokola aliinama juu yake. Alizitandaza kwa kiganja kama mtu anayechambua maharage, akaokota chache, akazisogeza dirishani. Shanga nzima ina rangi ya majivu yenye umanjano kwa mbali. Hizi zilikuwa zimevaa masizi, na zile za juu, ambazo ndizo hukutana na mvuke kwanza, zilivunjika vidoleni mwake zikawa unga.

"Zimekufa," alisema Mhandisi Wande.

"Zimechoka."

"Mzee Kalokola, hizi zimekufa. Kuchoka ilikuwa mwezi uliopita, uliponipigia simu kwamba jiko linakohoa."

Wande alikuwa binti wa Kisukuma, hajafika miaka thelathini, anayetumwa na wilaya kila jiko la mlimani linapopata matatizo. Kalokola alimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kuchomelea kabla kijiji cha Bugashani hakijamkabidhi ulinzi wa jiko lake, na alizoea chuma, ambacho kikipasuka kimepasuka.

Kazi ya jiko ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Gongo ya ndizi ilichanganywa na maji, ikachemshwa ikawa mvuke, mvuke ukasukumwa kwenye mtungi mrefu uliojaa shanga, mtungi wenye joto la kuyeyusha risasi na kuzidi. Upande wa pili ikatoka haidrojeni, ikaingia kwenye seli, seli zikatoa umeme. Umeme huo ndio uliopandisha maji kutoka bondeni, ukapasha joto vitanda vya vichanga kwenye zahanati, ukaendesha mashine za oksijeni za wagonjwa waliolala majumbani. Ule waya wa zamani, uliokuwa ukileta umeme kutoka mbali, Kalokola aliukuta utotoni ukiwa umeshakatwa vipande na kugeuzwa kamba za kuanikia nguo.

Wande alichukua shanga chache akazitia kwenye kichupa, akadondoshea tindikali, akafunika mdomo kwa kipande cha karatasi nyeupe kilicholowekwa dawa. Wakangoja. Karatasi iligeuka kahawia, kisha ikawa nyeusi tii kama rangi ya viatu.

"Salfa," alisema.

"Ile ya kwenye kiberiti?"

"Hiyo hiyo. Sikiliza. Ndani ya kila shanga kuna oksidi ya seri, aina ya madini, ndiyo mwili wenyewe. Juu yake kuna chembe za nikeli, ndogo hata huwezi kuziona. Nikeli ndiyo yenye mikono. Inaishika gongo, inaivunja, inaachia haidrojeni. Salfa ikija inakaa kwenye mikono hiyo, haitoki. Halafu nikeli iliyofungwa mikono haivunji vizuri, inazalisha masizi tu. Masizi haya unayoyaona ni homa. Ugonjwa ni salfa."

"Na seri kazi yake nini? Si ulisema inazuia masizi?"

"Imezuia mpaka imeshindwa. Seri ina oksijeni yake. Inaitoa kuunguza masizi, inachukua nyingine kwenye mvuke wa maji, inatoa tena. Pia inazishikilia chembe za nikeli zisigandamane kwenye moto zikawa donge. Lakini salfa ikishaishika nikeli, seri haina la kufanya." Alifuta mikono kwenye suruali. "Sasa niambie imetoka wapi. Ndizi haina salfa ya kufanya uharibifu huu. Gongo mnaipimaje kabla hamjaimimina?"

"Tunaonja."

Wande alimwangalia. "Mnaonja."

"Anayeleta anaonja kwanza, mbele ya watu wote waliopo. Ndivyo tunavyofanya kwa kinywaji chochote tangu mababu. Ukiniletea pombe, unapiga funda moja mbele yangu nijue hujaniwekea kitu."

"Mama yangu wee. Mzee, salfa ya kuua shanga hizi haitambuliki hata na ulimi wa nyoka. Mtu anaweza kuinywa mpaka akafa kwa uzee. Nilileta karatasi za kupimia jiko hili lilipofunguliwa. Ziko wapi?"

"Baraza lilizikataa. Kupima gongo ya mtu kwa karatasi wakati ameshaionja ni kumwambia usoni kwamba ni mchawi."

"Basi mchawi wenu hali watu. Anakula nikeli."

Kalokola alitaka kucheka, akashindwa. Mtungi wa pili, ule wa akiba, ulikuwa ukifanya kazi nyuma ya ukuta, na alisikia mvuke ukipita ndani yake kwa sauti ya mtu anayemnyamazisha mtoto. Wande naye aliusikia.

"Debe moja la namna ile likimiminwa tena, na huo unakwenda," alisema. "Sina wa tatu. Wilaya haina. Leo naandika taarifa kwa baraza kwamba ni salfa. Siwezi kuandika uchovu, usiniombe."

"Sijakuomba."

"Nimekuona usoni."

Alichokuwa nacho Kalokola usoni ni sheria. Bugashani ilikuwa na jiko jingine kabla ya hili. Mtu alileta gongo kwenye madebe yaliyokuwa na mafuta ya taa, jiko likafa, na kabla halijapatikana lingine vichanga vya zahanati viliisha kitanda kimoja baada ya kingine. Kila nyumba ilisema haikukusudia. Ndipo baraza likaandika sheria isiyouliza makusudi: nyumba itakayotia sumu jiko itakatwa waya, na haitaunganishwa tena, wala hakuna atakayeikodisha betri. Na mkono wa kukata ni wa mlinzi wa jiko.

*

Alasiri alikwenda kumwona mama yake, kama alivyokuwa akifanya kila alipotoka kazini.

Mawe Nyakato, Mawe ikiwa ndiyo mama kwa lugha ya kwao, aliishi kwenye kibanja cha mume wake, shamba la migomba lenye nyumba, chini ya mteremko. Mrithi wa kibanja alikuwa kaka yake Kalokola. Kaka alipokufa, mjane wake Kokuhirwa alibaki akimtunza mama mkwe na kuitunza migomba, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Mume wa Mawe amezikwa pale nyuma ya nyumba, na mwanawe amezikwa pembeni ya baba yake. Migomba ya hapo ilikuwa minene kuliko yote.

Kalokola hakuingia ndani moja kwa moja. Alisikia maji yakichuruzika uani, akazunguka. Kokuhirwa alikuwa akichochea moto chini ya pipa, khanga imefungwa kiunoni kwa nguvu. Mrija wa shaba ulitoka juu ya pipa, ukapita kwenye mtumbwi mdogo wa maji baridi, ukadondosha gongo kwenye debe.

"Shemeji! Karibu, waitu. Leo umewahi, au wamekufukuza kazi?"

"Bado. Wakinifukuza nitakuja unipe kazi ya kukanyaga ndizi."

"Kwa miguu hiyo? Gongo itanuka chuma."

Alicheka, Kalokola naye akacheka, kisha akakiona kitu. Pale mrija ulipoingia kwenye mfuniko wa pipa, mahali ambapo maisha yote huzibwa kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu, palikuwa na kitu cheusi kimezungushwa mara nyingi na kukazwa kwa waya. Aliinama. Kilikuwa na joto na kililainika chini ya kidole. Kilikuwa na harufu ya duka la baiskeli.

"Hii nini, shemeji?"

"Mpira wa ndani. Wa baiskeli ya marehemu." Kokuhirwa alijifuta jasho, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Udongo ulikuwa unapasuka kila siku, gongo nusu inakwenda hewani. Nikajiuliza, kitu kisichopitisha upepo hata ukikikanyaga ni nini? Sasa haipotei hata tone. Hujaona debe zangu zinavyojaa?"

"Toka lini?"

"Toka mvua zilipoanza. Kwani nimekosea? Nimeonja kila mara, mbele yenu."

"Umeonja," alisema Kalokola.

Hakuwa na haja ya kumuuliza Wande, lakini alimuuliza. Alikwenda nyuma ya migomba, mbali na masikio, akampigia simu. "Mpira wa baiskeli unatengenezwa na nini?" Wande akasema mpira hauwi mpira mpaka upikwe na salfa, na mvuke wa gongo ukiupitia ukiwa moto unaichomoa salfa hiyo kama chai inavyochomoa rangi. Akauliza, "Umeuona wapi?" Kalokola akakata simu.

Alirudi uani, akachukua kisu, akaukata ule mpira, akautupa motoni. Kokuhirwa aliruka.

"Shemeji! Una wazimu?"

"Ziba kwa udongo. Na debe hili usilipeleke. Limwage."

"Nilimwage? Jasho langu?" Alimtazama vizuri, na fahari ikaanza kumtoka usoni. Bugashani nzima ilijua jiko linaumwa. "Shemeji. Niambie si mimi."

Kalokola aliweka kisu chini. Akaingia ndani.

Mama yake alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, mrija mwembamba chini ya pua. Mashine ya oksijeni ilikuwa chini, kubwa kiasi cha debe, ikinguruma polepole. Moshi wa jikoni wa maisha mazima ulikuwa umemla mapafu. Bila mashine aliweza kukaa muda kidogo, akibadilisha rangi ya midomo.

"Umemfokea mke wa kaka yako," alisema. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Sijamfokea, Mawe."

"Sauti yako imebadilika. Kuna nini?"

Akamwambia, kwa sababu hakuwahi kuweza kumficha kitu kwa muda mrefu. Alimweleza yote, mpaka sheria. Mama alisikiliza macho yakiwa dirishani.

"Kwa hiyo wakijua watakata hapa."

"Mimi ndiye nitakayekata. Nataka nikuhamishie kwangu. Leo. Au zahanati, kule umeme haukatwi."

"Kwako? Nikafie kwenye kibanja cha kununua?"

"Mawe, si wakati wa hayo."

"Wakati wake ni upi basi? Baba yako yuko pale. Mwanangu yuko pale. Nikitoka hapa nikiwa hai, nikifia huko, mtanirudisha nikiwa mzigo. Mimi nataka nitembee mwenyewe mpaka pale walipo, ni karibu." Alipumzika kidogo kuvuta hewa. "Kama una mdomo, ufunge. Kama huwezi kuufunga, njoo na koleo lako. Lakini usinihamishe."

*

Siku ya baraza watu walijaa uwanja wa jiko mpaka kwenye ngazi za zahanati. Mwenyekiti Kaijage alisoma taarifa ya mhandisi, akatamka neno salfa kana kwamba ni jina la mtu anayedaiwa. Kisha akauliza nani ana la kusema, na wengi wakawa nalo.

"Huyu hapa!" mtu alisema. "Gongo ya mananasi! Tangu lini mnanasi ukawasha taa?"

Aliyesemwa ni Ntahondi, Muhangaza aliyehamia kutoka milima ya Ngara na kupewa shamba bondeni ambako migomba haistawi. Akapanda mananasi, akatengeneza gongo ya mananasi, akawa analeta debe lake kama watu wengine. Watu walimtania kwamba umeme wake una miiba. Leo hawakuwa wakitania.

Ntahondi alisimama. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia aliyoivua.

"Nimeonja kila mara," alisema. "Nyie wenyewe mmeniona."

"Wachawi wote wanaonja!"

"Mananasi na ndizi vikishakuwa gongo ni kitu kimoja," alisema Wande kwa sauti. "Nimepima gongo yake asubuhi hii. Ni safi."

"Ya asubuhi hii!" alijibu mzee mmoja, na watu wakaguna kumuunga mkono. "Mtu akisikia kuna msako, ataacha kuosha vyombo vyake? Dada, wewe ni mgeni, na mgeni anamtetea mgeni. Hata matoke yetu hujajifunza kuyala."

Kicheko kilipita. Wande hakucheka. Aligeuka akamtazama Kalokola, aliyesimama mlangoni mwa jiko, na mtazamo wake haukuficha kitu. Alikuwa akilikumbuka lile swali la simu.

Kalokola alikuwa na koleo mfukoni. Lilikuwa zito. Alimtazama mke wa Ntahondi aliyekaa chini akiwa amempakata mtoto mwenye pumu, na alijua kuwa nyumba ile ina mashine ya mvuke wa dawa inayotumia umeme. Alijua pia kuwa Kokuhirwa yuko nyuma ya umati, amejifunika khanga mpaka machoni. Udongo ulikuwa umesharudi kwenye pipa. Hakuna debe jingine baya litakaloingia. Mtungi wa akiba ungedumu. Kama angenyamaza, jiko lingepona, mama angepumua, na kingechukuliwa kitu kimoja tu, kwa mtu ambaye Bugashani haikuwa imemzoea bado. Alilifikiria hilo kwa ukamilifu, mwanzo mpaka mwisho, wala hakujidanganya kwamba hakulifikiria.

"Mlinzi," aliita Mwenyekiti Kaijage. "Wewe ndiye unayepokea madebe. Una neno, au tuendelee?"

"Mnamwonea," alisema Kalokola.

"Vizuri. Kwa hiyo unajua ni nani."

Akalishika koleo mfukoni.

"Kalokola. Ukisema si huyu, umesema yuko mwingine. Au umeota?"

"Shanga zilikuwa za zamani," alisema, na papo hapo akaisikia sauti yake mwenyewe ikiwa nyembamba. "Zingekufa hata hivyo."

"Mhandisi?" Kaijage aliuliza bila kumwondolea macho.

"Hapana," alisema Wande. Ilimuuma kusema, ikaonekana. "Zilikuwa na umri mzuri bado."

"Basi tunaendelea. Wanaokubali nyumba ya Ntahondi ikatwe..."

Mikono ilianza kupanda. Ilipanda haraka, mikono ya watu aliowafahamu, mikono iliyombeba kaka yake kwenye machela kwenda zahanati na kumrudisha. Ntahondi hakulia wala hakubisha. Alirudisha kofia yake kichwani, akaiweka sawa, kama mtu aliyekwisha kuona mahali pengine jambo hili linavyokwenda na anajua linaishia wapi.

Kofia ile ndiyo iliyomshinda Kalokola.

"Shusheni mikono," alisema. "Ni nyumba yetu."

"Nyumba ipi?"

"Ya marehemu kaka yangu. Aliyomo mama. Mjane aliziba pipa kwa mpira wa baiskeli, na mpira una salfa. Hakujua. Wala mimi sikujua mpaka nilipouona. Nimejua tangu juzi, nikanyamaza, na leo nimewaangalia mkinyanyua mikono juu ya mtu asiye na kosa. Hilo ni langu, si la mjane."

Nyuma ya umati Kokuhirwa alikaa chini ghafla, na wanawake wakamzunguka. Mwenyekiti Kaijage alivua miwani. Alikuwa amesoma na kaka yake Kalokola, na alikula harusini kwenye nyumba ile.

"Hakujua," alisema taratibu. "Kama hakujua..."

"Kama hakujua nini?" Ilikuwa sauti ya Ntahondi, na kwa mara ya kwanza haikuwa ya upole. "Mimi mlikuwa mnanikata kwa kujua au kutojua? Hakuna aliyeniuliza. Sheria ilikuwa sheria nilipokuwa mimi."

Kaijage alijua kwamba ni kweli.

"Si mumpeleke bibi zahanati," mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kuomba.

"Amekataa," alisema Kalokola.

Kaijage alirudisha miwani, akaitoa tena. Hatimaye akasema sheria ibadilishwe, wapimaji wawekwe na karatasi za mhandisi zitumike kuanzia leo, na baraza likakubali kwa kauli moja. Lakini sheria inayobadilishwa leo inaanza na kosa la kesho. Hilo nalo walilikubali, kwa sauti ndogo zaidi.

*

Nguzo ilikuwa mbele ya nyumba, nguzo ya chuma aliyoichomelea yeye mwenyewe. Kalokola aliingia ndani kwanza.

"Wamejua?" aliuliza mama.

"Nimewaambia."

Kokuhirwa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, uso umezama kwenye shuka, akisema ni mimi, Mawe, ni mimi, na mkono wa mama mkwe ulikuwa kichwani mwake, ukimpapasa bila haraka.

"Wangemkata mwingine," alisema Kalokola. "Ana mtoto wa pumu."

"Sijakuuliza sababu."

"Twende zahanati, Mawe. Nakuomba."

"Baba yako alikuwa mbishi kama wewe, ila yeye alikuwa anasikia akiambiwa mara moja." Alivuta hewa. "Nenda ukapande. Usimtume mtu. Sitaki mgeni apande nguzo ya mwanangu."

Alipanda. Juu kule upepo ulikuwa ukitikisa majani ya migomba yote, na aliweza kuona paa la jiko upande wa pili wa bonde na mvuke mweupe ukitoka kwenye bomba lake, mvuke safi, wa maji matupu. Hakutazama chini. Alitafuta waya kwa kidole, akaweka koleo, akabana. Haukukatika mara ya kwanza. Ilibidi abane kwa mikono miwili.

Kutoka ndani ya nyumba ngurumo ya mashine ilishuka, ikashuka, ikaisha.

Alipofika chini alimkuta mtu uani. Ntahondi alikuwa amesimama na machela begani, ile ya kijiji, ya miti miwili na mkeka.

"Sijaja kukusamehe," alisema Ntahondi. "Ulinyamaza mpaka nikavaa kofia. Nimekuja kwa sababu machela haibebwi na mtu mmoja, na hao wengine wanaona aibu." Alionyesha kwa kidevu barabarani, ambako watu walikuwa wamejipanga nje ya ua, hakuna anayeingia.

"Amekataa zahanati."

"Tutamuuliza akiwa amelala humu. Watu hubadilika wakibebwa."

Wakamtoa. Alikuwa mwepesi kama nguo zilizokauka. Kokuhirwa aliushika mrija usio na kazi tena, hakujua auweke wapi, kisha akauacha uanguke. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu, na kila pumzi ilimwinua mabega. Kalokola alishika mbele, Ntahondi nyuma. Walipofika mahali njia inapogawanyika, mkono wa kulia kwenda barabarani na wa kushoto kwenda nyuma ya nyumba, Kalokola alisimama.

"Mawe. Barabarani ni dakika chache tu."

Alikusanya hewa kwanza.

"Migombani."

"Mawe."

"Nimeshasema... mara moja."

Kalokola alibaki amesimama. Angeweza kwenda kulia. Alikuwa na nguvu, na mama hakuwa nazo, na barabarani hakuna hata mtu mmoja ambaye angemlaumu. Alihisi miti ya machela ikitulia mikononi mwake, maana nyuma yake Ntahondi hakusukuma wala hakuvuta. Alikuwa akingoja tu.

Akageukia kushoto.

Walimweka kwenye majani makavu, mahali ambapo mwanga ulipita vipande vipande, kati ya mume na mwana. Kokuhirwa alikaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani mwake ili mapafu yapate nafasi. Barabarani mtu mmoja alifungua lango la ua, akaingia, kisha mwingine, mpaka wakajaa kati ya mashina wakiwa wamesimama. Mwenyekiti alikuwapo. Wande alikuwapo, mikono mifukoni, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Mawe Nyakato alipumua. Palipita muda. Akapumua tena. Kalokola alikaa chini karibu yake na kumshika mguu, ule wa kulia, uliokuwa wa baridi, akaanza kuusugua ili upate joto.